Vitufe Vitatu Ulivyonikataza

Kibondo, 8 Februari 1999

Kwa kaka yangu Nduwayezu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na wifi Immakulata na hilo tumbo ambalo mama anasema sasa linaonekana tangu barabarani. Sisi huku tunasogea. Malaria ilinilaza wiki ya mwisho ya Januari, lakini sasa natembea na ugali naumaliza. Mama nilimwona Kitanga sikukuu ya Mwaka Mpya. Miguu inamsumbua, maharage yamekubali, na anauliza kwa nini huendi kumwona wakati wewe uko hapo Kasulu tu. Nilimjibu una kazi nyingi. Sijui kama nilisema kweli.

Shida iliyonishikisha kalamu ni hii. Ile laptop uliyoniachia ofisini imenigomea. Naiwasha, inaniuliza jina na neno la siri, naandika yale yale uliyonipa, halafu kioo kinakuwa cha kijivu na kubaki hivyo. Mshale unatembea nikisukuma kipanya, lakini hakuna unachogusa kikaitika. Kile kimraba cha daftari hakitokei. Nimeizima na kuiwasha mpaka mlinzi wa jenereta ananionea huruma.

Wewe unajua humo ndani kuna nini, kwa sababu kwa miaka miwili uliandika wewe kabla ya kuondoka kwenda kufungua duka lako la kuchapa barua. Humo kuna wakimbizi elfu mbili na mia tatu wa kambini, nani amepotezana na nani, watoto wengi kuliko wakubwa. Fomu zenyewe za karatasi ziliozea stoo kwenye masika ya mwaka jana, na disketi ulizoniachia hazisomeki hata moja. Wakubwa wa Kigoma wanakuja tarehe 30 Aprili kuchukua daftari lililochapwa, ili majina yakabandikwe makambini na makanisani. Lisipokuwepo meza yetu inafungwa, na hao watu hawatakuwa wameandikwa popote.

Fundi wa Linux katika wilaya hizi mbili ni wewe peke yako. Nielekeze kwa barua, nitafuata neno kwa neno. Nampa Athuman, dereva wa basi, akuletee mkononi.

Mdogo wako,
Niyubahwe


Kasulu, 21 Februari 1999

Mdogo wangu Niyubahwe,

Marahaba. Huku tuko salama, Immakulata anakula udongo wa kichuguu kama wenzake wote na baba yake katekista ametuongezea chumba cha pili cha duka. Kazi ni nyingi, kweli. Mama mwambie nitakwenda Pasaka.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa dukani, wateja walikuwa sita, na wote walicheka mpaka mmoja akakosea sahihi yake. Athuman alikuwepo, akaongeza kwamba alipokwenda kuichukua barua aliikuta laptop imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama redio ya babu. Ni kweli hiyo? Mashine ina tundu la kupumulia ubavuni, na wewe unaifunika ikiwa inachemka ili isipate vumbi. Nilipowaomba wakubwa wakupe kiti changu niliwaambia una akili ya darasa. Sasa naona aibu kidogo.

Haya, tufanye kazi. Toa hicho kitambaa. Iwashe ikiwa imepoa. Ikifika kwenye kijivu bonyeza kitufe cha herufi kubwa, kile cha kushoto, utazame kitaa kidogo cha kijani. Kikiwaka na kuzimika kila ukibonyeza, mashine iko hai, uso wake tu ndio umeganda. Kisipowaka, imekufa na hatuna la kufanya.

Na kabla ya hayo yote nijibu swali moja: umewahi kufungua kitu chochote humo zaidi ya kile kimraba cha daftari? Nijibu hilo kwanza. Mengine yanasubiri.

Kaka yako,
Nduwayezu


Kibondo, 3 Machi 1999

Kaka,

Shikamoo. Tumepata mvua ya kwanza nzito na paa la jikoni limevuja, lakini hatujambo. Mama amekusikia kuhusu Pasaka na ameanza kufuga jogoo kwa ajili yako. Jumapili iliyopita aliwaombea misa marehemu Uwimana na mtoto, kama anavyofanya kila mwaka tangu uliporudi kutoka Burundi Oktoba 1993 peke yako, miguu imevimba, ukatuambia mkeo na kichanga chenu wameuawa. Hakuwahi kumwona yule mkwe hata siku moja. Lakini tuliweka matanga, na yeye bado anaomba misa.

Kitambaa ni kweli. Nimekifua na nimekiweka mezani kwangu nyumbani. Athuman ameniambia pia kwamba stendi ya Kasulu sasa ninaitwa Bibi Kitambaa, na jina hilo limeshapanda basi likafika huku. Kaka, mimi nilikuandikia wewe. Sikuwaandikia wateja wako.

Kitaa kinawaka na kuzimika kila nikibonyeza. Nimejaribu mara kumi. Kwa maneno yako, basi, mashine iko hai, na mimi nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Swali lako: sijafungua kitu kingine. Kingekuwa kipi?

Halafu kuna Hilali, yule wa kutengeneza redio hapa sokoni. Anasema binamu yake anayesoma uhandisi Dar es Salaam aliwahi kumwambia kwamba mashine za Linux zina mlango wa nyuma, kioo cha maandishi matupu kisichohitaji picha, na mtu anaweza kuingilia huko hata kama mbele kumeganda. Hakumbuki unafunguliwaje. Wewe utakuwa unajua. Niambie upesi, mwezi wa nne si mbali.

Niyubahwe


Kasulu, 22 Machi 1999

Niyubahwe,

Nimechelewa kwa sababu ya daraja lililokatika na mvua. Mama mwambie aache kupoteza hela kwenye misa. Waliokufa wamekufa, na jogoo amchinje mwenyewe, Pasaka nitakuwa na kazi.

Nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wasiojua wanapoharibu. Huyo Hilali anayelamba betri kujua kama zina moto asiguse mali ya ofisi. Habari za mlango wa nyuma ni hatari kwa mtu wa kiwango chako. Sitaki kusikia mtu amebonyeza Ctrl na Alt na F1 kwa pamoja, wala F2, wala yoyote ya mstari ule wa juu. Ukifanya hivyo utaua kila kitu na nitawaandikia mimi mwenyewe wakubwa kwamba ni wewe.

Mashine ni mgonjwa. Nimepima maelezo yako yote na hakuna dawa isipokuwa kuisafisha ianze upya. Nimekufungia disketi ndani ya bahasha hii. Zima kwa kubana kitufe cha kuwashia mpaka inyamaze, ingiza disketi, washa. Itakuuliza maswali kadhaa kwa Kiingereza. Kila inapouliza bonyeza Y. Usisome, wewe bonyeza tu. Baada ya saa moja itakuwa nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani.

Daftari litakwenda, ndiyo. Waambie wakubwa limekufa kwa joto. Usijitie uchungu kwa ajili ya hao watu. Nimewaandika miaka miwili, nawajua. Nusu ya wanaotafutwa walishakufa na nusu nyingine hawataki kupatikana. Na ukifukuzwa, njoo huku, nitakupa kufagia duka.

Nduwayezu


Kibondo, 12 Aprili 1999

Kaka yangu Nduwayezu,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa nyumbani kwako wote wanaamka salama na wifi anaendelea vizuri na miezi yake. Pasaka ilipita kwa amani. Nilikuwa Kitanga. Mama alimchinja yule jogoo saa kumi jioni, alipokubali kwamba basi la mwisho limeshapita.

Nina habari njema, najua utafurahi. Mashine imepona na daftari limo lote.

Ilikuwa hivi. Disketi yako ilifika Ijumaa, mkesha wa sikukuu ya Idd. Nilikaa mezani, nikaibana mashine mpaka ikanyamaza, nikaingiza disketi, nikawasha. Swali la kwanza likatokea. Nilikuwa nimeshaweka kidole juu ya Y. Lakini uliniambia nisisome, na mimi katika maisha yangu yote hujawahi kuniambia nisisome. Ni wewe uliyenifundisha kusoma. Nikakaa na kamusi nikasoma. Ilikuwa inauliza kama nina hakika kwamba nataka kufuta kila kitu. Nikaitoa.

Jumatatu yake Hilali akaja na yule binamu yake, ambaye ni msichana, anaitwa Firdausi, amekuja kula sikukuu kwao. Nikamwonyesha barua yako. Alisoma pale ulipokataza vile vitufe vitatu, akaniangalia, akasema, "Dada, huyu kaka yako amekuandikia kabisa namna ya kuingia." Akabonyeza Ctrl na Alt na F1. Hakuna kilichokufa. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakaniuliza jina na neno la siri, nikaandika yako, tukawa ndani.

Firdausi akaandika herufi mbili, df, ikatoka hesabu. Akacheka. Akasema mashine haiumwi, imeshiba. Diski ilikuwa imejaa mpaka juu, haina hata mahali pa kuandika kwamba nimeingia, ndiyo maana picha inakwama njiani. Kila jenereta inapozimwa printa inalala, na laptop kwa betri yake inaendelea kuandika malalamiko kwamba haioni printa, tangu mwaka jana, kwenye faili moja ambalo hakuna aliyewahi kulifuta. Hata kitambaa changu hakikuwa na kosa. Waambie stendi.

Basi tukaanza kupunguza. Kwenye picha nilikuwa naona kile kimraba kimoja tu, lakini huko nyuma kila kitu kimeorodheshwa. Firdausi alikuwa anasoma jina moja moja na kuniuliza, hili nifute, hili nifute. Akafika kwenye sehemu inayoitwa shamba. Nikadhani ni ile hati ya shamba la baba, nikamwambia aiache kwanza.

Ndilo swali langu kwako leo. Hiyo shamba, tufute? Sitaigusa mpaka nipate jibu lako. Naanza kuchapa tarehe 26.

Mdogo wako,
Niyubahwe


Kasulu, 19 Aprili 1999

Niyubahwe,

Futa. Ni rasimu za hati ya shamba la baba, hazina kazi tena. Futa yote bila kufungua, yatakuchanganya.

Hongera kwa mashine. Bahati nayo ni fundi.

Nduwayezu


Kibondo, 17 Mei 1999

Nduwayezu,

Mama hajambo, mimi sijambo, mvua zimeacha. Salamu zimeisha.

Ile shamba nilikuwa nimeshaifungua siku ile ile Firdausi alipokuwa kando yangu. Nilikuuliza ili nione utasema nini. Ungesema usifute, au ungesema nisubiri nije, hata ungenyamaza, ningekuwa na kaka wa kuanzia naye. Ulisema futa.

Fomu saba. Ya kwanza ya Juni 1997, ya mwisho Machi 1998. Zote zimeandikishwa kambini na mwanamke anayeitwa Uwimana, anamtafuta mume wake Nduwayezu, mwana wa Bazilio, mwalimu, ambaye kwao ni Kitanga. Walipotezana usiku wa kukimbia, kwenye mto, yeye akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto anaitwa Niyonkuru. Kila fomu ina kimo chake. Fomu ya tatu inasema anajua kuhesabu. Ya tano inasema anaanza kuuliza. Wewe ndiye uliyekuwa unaletewa fomu za kambini kila wiki uzipige kwenye mashine, na kila ilipofika ya kwake uliipiga vizuri, bila kosa hata moja, ukaiweka shamba badala ya daftari.

Na chini yake kuna nakala ya jibu, Aprili 1998. "Ndugu Nduwayezu Bazilio alifariki dunia Oktoba 1993. Ofisi inatoa pole." Nimekaa na karatasi za watu waliouawa karibu mwaka sasa, na sikuwahi kusoma karatasi mbaya kama hiyo.

Nikafanya kazi niliyoajiriwa kufanya. Jibu lako lilipofika nilizirudisha fomu zote saba mahali pake, nikachapa. Kurasa sitini na moja. Wakubwa walizichukua tarehe 30 na wiki iliyopita nakala zilibandikwa makambini na kwenye mbao za makanisa yote, Kumsenga, Muyama, mpaka hapo kwenu Kasulu. Wewe uko ukurasa wa arobaini na nne. Nilifikiri juu ya Immakulata na tumbo lake. Nilifikiri, na nikachapa.

Halafu ndiyo nikaenda kambini, nikijua nimechelewa kwenda. Nilipaswa kwenda kabla. Nilimkuta anasuka mkeka mbele ya kibanda chake. Nikamwambia mimi ni wifi yako, dada wa Nduwayezu. Alisema "Ego," yaani ndiyo, bila kusimama, akaendelea na mstari aliokuwa nao mpaka ukaisha.

Akaingia ndani akatoka na lile jibu lako. Amelikunja mara nne ndani ya kitabu cha sala. Mashine iliandika maneno, lakini jina lake pale juu ulilijaza kwa kalamu. Akasema, "Mwandiko huu ndio ulioniposa. Barua kumi na moja. Nisiujue?"

Nikamuuliza kwa nini hakuja ofisini kulalamika.

Akasema, "Mtu mwenyewe ananiambia amekufa, na ameweka mhuri. Mimi ni nani nimkatalie? Nilinyoa nywele, nikamnyoa mtoto, majirani wakaja wakakaa siku zao na mimi. Baada ya mwezi tukaondoa matanga. Nilimaliza kumlilia huyo kaka yako. Sasa wewe umekwenda kumbandika ukutani. Nani alikutuma umfufue?"

Hakunishukuru. Lakini alikubali kitu kimoja, kwamba mama amwone mjukuu wake. Nimeomba kibali. Tunakwenda Kitanga mwezi wa sita.

Mtoto ana miguu yako.

Niyubahwe


Kasulu, 29 Mei 1999

Mdogo wangu Niyubahwe,

Sijui nianze kwa salamu gani. Immakulata yuko kwao tangu Jumapili ile. Hakusoma yeye, alisoma baba yake, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa ubao wa kanisa, alikuwa anabandika mwenyewe kurasa moja moja akafika ya arobaini na nne. Duka limefungwa kufuli lake juu ya kufuli langu. Padri ameniita mara mbili. Aliniuliza niliapa nini mbele yake Novemba 1996, nikamjibu niliapa kwamba mke wangu amekufa, na siku ile nilikuwa naamini. Hilo nakuomba uniamini. Siku ile niliamini. Niliusikia mto, nikaita, hakuna aliyeitika.

Fomu ya kwanza ilipofika mezani kwangu ndoa ilikuwa na miezi saba. Nikasema nitamwambia Immakulata wiki ijayo. Ikaja ya pili. Kila wiki ilikuwa wiki ijayo. Baadaye nikaona njia ni Uwimana aache kutafuta, aolewe, aanze maisha, na niliandika lile jibu nikijiambia namfungua kamba. Umenicheka? Ningekuwa wewe ningecheka. Nilikucheka kwa kitambaa.

Unaweza kujiuliza kwa nini sikuzifuta mwenyewe nilipoondoka. Nilijaribu siku ya mwisho. Nilishindwa kwa sababu ya vile vimo. Nilikuwa natia alama kwenye ukuta wa stoo, nyuma ya mlango, kwa penseli. Nenda ukaangalie, ziko saba. Yule mtoto nilikuwa namwona anakua kwenye ule ukuta. Na bado nilikwambia ufute, ni kweli, na ungefuta ningelala usingizi. Vyote viwili ni mimi.

Sikuombi mke. Sikuombi unisemee kwa mama. Nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kwa magoti, wewe niliyekushika mkono kukufundisha herufi. Mtakapokuwa Kitanga nipe siku. Sitasema neno. Nitasimama barabarani, wewe umtoe mtoto nje kwa kisingizio chochote, hata kuchota maji, nimwone uso wake mara moja tu. Mara moja, halafu nitaondoka.

Kaka yako,
Nduwayezu


Kibondo, 21 Juni 1999

Nduwayezu,

Barua yako niliipata kabla hatujaenda Kitanga. Niliibeba mfukoni. Nilikuwa nimekusudia kukukubalia, nataka ulijue hilo. Nilishawaza hata siku, Jumatano, na nilishawaza ndoo.

Tulifika Jumatatu. Mama alitoka nje akakaa chini kwenye vumbi, na Uwimana akamfuata akakaa chini naye. Walikaa hivyo mpaka uji ukaungua. Mtoto alikuwa anazunguka nyumba anahesabu kuku. Ni mtoto mtulivu, haongei mpaka aulizwe.

Jioni mama akachukua ile picha yako ya chuo cha ualimu, ile ya tai, akamwita mjukuu wake ampakate. Akamwambia, "Tazama, huyu ndiye baba yako."

Mtoto akaitazama. Akasema, "Huyu namjua. Huyu ni yule bwana wa Kasulu."

Sote tukamgeukia Uwimana, na hapo ndipo alipotueleza. Ilikuwa Agosti mwaka jana, miezi minne baada ya jibu lako, wakati matanga yako yalishaondolewa. Watu wanaotoka kambini na vibali walimwambia kuna mtu Kasulu ana duka la kuchapa barua, anafanana na maelezo yake. Akaomba kibali cha siku mbili, akaja siku ya soko. Alikuona kutoka ng'ambo ya barabara. Hakutaka kukusemesha. Alimwambia mtoto, "Nenda ukasimame kwenye mlango ule, umtazame vizuri yule bwana anayeandika, halafu urudi." Alitaka awe amemwona baba yake, basi.

Mtoto akavuka, akasimama mlangoni. Wewe ukainua kichwa ukamtazama. Anasema ulimtazama kweli, si kwa kupita, kwa sababu aliona macho yako. Kisha ukamwambia, "Wewe, toka hapo, unaniziba mwanga."

Akatoka.

Niyubahwe